Nintendo DS na Swali la Mwenye Mali

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu aliniuliza, kwa adabu lakini bila kuficha mshangao wake, kwa nini nilitenga semina nzima ya uchumi wa kisiasa kujadili mashine ya michezo ya watoto ilhali deni la taifa na katiba vinasubiri. Swali lake ni halali. Nalijibu hapa kwa kirefu kwa kuwa nadhani watumishi wa umma wanaosoma makala hizi nao wana haja na jibu hilo, pengine kuliko wanafunzi wenyewe.

Mashine yenyewe ni Nintendo DS, kile kifaa cha mkononi chenye skrini mbili kinachokunjwa kama kitabu. Ilianza kuuzwa Marekani tarehe 21 Novemba 2004 na Japani siku chache baadaye, tarehe 2 Desemba. Toleo jembamba zaidi, DS Lite, lilifuata Machi 2006. Hadi uzalishaji wake ulipokoma, familia nzima ya DS ilikuwa imeuza mashine milioni 154. Mrithi wake, 3DS, alizaliwa Februari 2011 akiwa na nguvu zaidi, picha nzuri zaidi na uwezo wa kuonyesha kina cha picha bila mtazamaji kuvaa miwani. Mrithi huyo aliuza takriban milioni 76. Watathmini wengi wa vifaa hivi humpa 3DS alama za juu, na kwa vipimo vyao hawakosei. Mimi nasema DS, hususan DS Lite, ndiyo mashine bora, na sababu yangu haimo kwenye skrini wala kwenye michezo. Sababu ni mamlaka: baada ya mnunuzi kulipa na kutoka dukani, ni nani anayebaki na usemi juu ya kile alichokinunua?

Tuanze na mashine kama mashine, maana hukumu ya kisiasa isiyojua kifaa kinavyofanya kazi ni porojo. DS ilikuwa dhaifu hata kwa wakati wake. Kichakato chake kikuu kilikwenda kwa megahezi 67 na kumbukumbu yake ilikuwa megabaiti 4. Mshindani wake, PSP ya Sony, iliyotoka Japani Desemba hiyohiyo, ilikuwa na kichakato cha megahezi 333, kumbukumbu ya megabaiti 32 na skrini moja pana inayong'aa. Mtu aliyeziweka mbili hizo mezani mwaka 2004 angeapa kwamba Nintendo imekwisha. Mambo yakawa kinyume, na chanzo chake ni falsafa ya mhandisi mmoja aliyefariki mwaka 1997, kabla DS haijafikiriwa.

Gunpei Yokoi, aliyebuni Game & Watch mwaka 1980 na baadaye Game Boy, alikuwa na msemo uliojulikana kama fikra pana juu ya teknolojia iliyonyauka. Maana yake ni kwamba teknolojia iliyozoeleka, ambayo bei yake imeshuka na kasoro zake zinajulikana, inaweza kuzaa kitu kipya kabisa ikitumiwa mahali ambapo hakuna aliyefikiria kuitumia. Game & Watch zenye skrini mbili zinazokunjwa zilitoka mwaka 1982. Wazo hilo lilikaa zaidi ya miaka 20 hadi rais wa zamani wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, alipolisukuma tena, na rais mpya, Satoru Iwata, akalitekeleza. Skrini ya chini inaguswa kwa kalamu ya plastiki. Haihitaji kidole chenye joto wala kioo cha bei. Ukibonyeza kwa kijiti, inaitika.

Matokeo yake yalikuwa kwamba watu ambao hawakuwahi kushika kifaa cha michezo, wakiwamo wazee wa Japani, walinunua DS kwa ajili ya mazoezi ya akili yaliyotungwa kwa ushirikiano na Profesa Ryuta Kawashima, wakaandika majibu ya hesabu kwa mkono kama katika daftari. Sina hakika kama ubongo wa mtu yeyote ulinolewa kwa njia hiyo, na wanasayansi wameendelea kubishana. Lakini bibi wa miaka 70 anayeandika tarakimu kwenye skrini bila kufundishwa na mtu ni ushahidi tosha wa ubunifu mzuri. Ningependa maofisa wanaosanifu mifumo ya serikali mtandao wamtazame bibi huyo kwa muda.

Nina DS Lite niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika, na nina 3DS niliyoachiwa na mpwa wangu alipohamia kwenye simu. Nimekaa nazo muda wa kutosha. DS Lite ina udhaifu unaojulikana na kila fundi: bawaba ya upande wa kulia hupasuka. Vitufe vyake vya pembeni hulegea. Skrini zake, kwa macho ya leo, ni ndogo na za kukwaruza. Kwa upande mwingine, betri yake ya milliampea-saa 1000 imefunikwa na kifuniko kidogo chenye skrubu moja ya kawaida, na ukipunguza mwanga wa skrini huweza kwenda saa 15 na zaidi. 3DS ya kwanza ilijivunia saa 3 hadi 5. Kuhusu ile picha yenye kina, hukumu ilitolewa na kampuni yenyewe: mwaka 2013 ilitoa 2DS, mashine ileile bila madoido hayo, na wanunuzi hawakulalamika.

Hayo yote, hata hivyo, ni ya pembeni. Jambo la msingi ni kadi.

Mchezo wa DS huja katika kadi ndogo ya plastiki, upana wake kama stempu kubwa. Ndani ya kadi hiyo mna mchezo wote. Ukiinunua ni yako kwa maana ambayo bibi yako angeielewa: unaweza kuiazima kwa jirani, kuiuza, kuirithisha, kuitupa. Mashine haimuulizi mtu yeyote ruhusa. DS na DS Lite hazikujali hata kadi imenunuliwa nchi gani. Mashine iliyoletwa katika sanduku la shangazi kutoka Dubai ilicheza kadi kutoka Nagoya au London bila neno. Kwa sisi wa mwambao wa Afrika Mashariki, ambako vifaa hivi mara nyingi hufika kwa mkono wa ndugu aliyetoka Ghuba au Ulaya, uhuru huo ndio uliokuwa soko lenyewe.

Kuna jambo jingine dogo ambalo nalihesabu kuwa la kiungwana kuliko yote. Baadhi ya michezo iliruhusu kadi moja itumiwe na watoto kadhaa kwa pamoja. Mmoja mwenye kadi aliwarushia wenzake sehemu ya mchezo kwa mawimbi ya redio, bila intaneti, bila akaunti, bila malipo. Katika mchezo wa magari wa Mario Kart DS, watoto wanane wangeweza kushindana hali kadi iko kwa mmoja tu. Aliyebuni utaratibu huo alijua watoto wanavyoishi. Alijua kwamba mtaani mpira huwa mmoja.

3DS iliyavunja haya kwa utaratibu. Kwanza ilifunga mipaka: mashine ya Japani haikukubali kadi ya Ulaya, na ya Ulaya haikukubali ya Marekani. Kisha, Juni 2011, likafunguliwa duka la mtandaoni. Niseme kweli kwamba mlango huo ulianza kufunguliwa na DSi, toleo la mwaka 2008 lililokuwa na duka lake dogo na lililoondoa tundu la kadi za Game Boy Advance, ndiyo maana nasisitiza DS Lite. Lakini ni 3DS iliyoufanya kuwa mlango mkuu. Humo iliuzwa mamia ya michezo ambayo haikuwahi kutolewa katika kadi. Ulibonyeza neno la kununua, fedha ikakatwa, mchezo ukashuka kwenye mashine.

Tarehe 27 Machi 2023 duka hilo lilisimamisha mauzo. Lile la DSi lilikuwa limekwisha kufungwa Machi 2017. Tarehe 8 Aprili 2024 huduma za kucheza pamoja kupitia mtandao nazo zikazimwa. Waliokwisha kununua wameendelea kuruhusiwa kupakua tena walivyonunua, lakini kwa ridhaa ya muuzaji. Kabla ya kufungwa, Mmarekani mmoja mwenye chaneli ya YouTube alinunua kila mchezo uliokuwamo katika maduka ya 3DS na Wii U, zaidi ya michezo 2,400, kwa gharama ya dola 22,791. Nia yake ilikuwa kuihifadhi. Fikiria upuuzi wa hali hiyo: urithi wa sanaa ya muongo mzima unategemea raia mmoja mwenye kadi ya benki na subira.

Msomaji atasema kwamba DS nayo ilikuwa na huduma ya mtandao, na nayo ilizimwa, tarehe 20 Mei 2014. Ni kweli. Siku iliyofuata kadi zote zilifanya kazi kama jana yake, ila kwa vipengele vilivyohitaji mtandao. Mtu wa Bukavu, wa Mombasa au wa Osaka anayeokota kadi ya DS leo sokoni, akiifuta vumbi na kuichomeka, atacheza.

Kisheria, kilichotokea dukani mwa 3DS hakikuwa ununuzi. Ilikuwa leseni: ruhusa ya kutumia, isiyouzika wala kurithishika, inayoweza kuondolewa kwa masharti yaliyoandikwa katika kurasa ambazo hakuna aliyezisoma. Nguo ya kuazima haisitiri matako, walisema waliotutangulia, na nadhani walikuwa wakisema juu ya mikataba. Mfano wa wazi zaidi ulitoka upande wa vitabu. Julai 2009 Amazon ilifuta nakala za riwaya 1984 ya George Orwell kutoka vifaa vya Kindle vya watu waliokuwa wameilipia, baada ya kubainika kwamba aliyeiuza hapo hakuwa na haki zake. Fedha zilirudishwa na kampuni ikaomba radhi. Lakini tulijifunza kwamba mkono wa muuzaji ulikuwa umebaki ndani ya rafu ya mnunuzi muda wote.

Wenzangu wa idara ya uchumi wana hoja mbili ambazo sitazipuuza. Ya kwanza ni kwamba duka la mtandaoni lilipunguza gharama na kuwapa nafasi wabunifu wadogo ambao wasingemudu kuchapa kadi za plastiki. Nakubali kabisa. Michezo mizuri kadhaa ya 3DS isingekuwapo bila duka hilo. Lakini wepesi wa kusambaza haulazimishi kunyima umiliki. Yapo maduka ya michezo ya kompyuta yanayokukabidhi faili lako ulihifadhi utakavyo, na hayajafilisika. Hoja ya pili ni uharamia. Uhuru wa DS ulitumiwa vibaya: kadi bandia zilizojulikana kama R4 zilimwezesha mtu kubeba michezo mingi bila kulipa hata senti, na mahakama za Japani mwaka 2009 na Uingereza mwaka 2010 zikazipiga marufuku. Kampuni ilikuwa na haki ya kulalamika. Hata hivyo mashine hiyohiyo iliyoibiwa mchana kweupe ndiyo iliyouza milioni 154, na mrithi aliyefungwa minyororo akauza nusu ya hapo. Sidai kwamba kimoja kilisababisha kingine, kwa maana simu janja ziliingia katikati. Nadai tu kwamba uhuru haukuiua biashara.

Hapa lazima niingize neno la Kongo, kwa sababu sifa ya DS isije ikageuka uchuuzi. Ndani ya vifaa vya aina hii mna tantali, bati, tungsteni na dhahabu, na sehemu ya tantali ya dunia hutoka katika machimbo ya Kivu, ambako wachimbaji huongea Kiswahili hiki ninachokiandika. Mwaka 2012 taasisi ya Enough Project ya Marekani ilipozipanga kampuni za kielektroniki kwa juhudi zao za kuchunguza asili ya madini hayo, Nintendo ilishika mkia kwa alama sifuri. Hiyo ni aibu ambayo ubunifu wa Yokoi hauifuti. Lakini maadamu madini yamekwisha kutoka ardhini kwa gharama ile, kifaa kinachofanya kazi baada ya miaka 20 kinaheshimu jasho lile kuliko kifaa kinachozimwa kwa tangazo. Mashine nzima inapokosa maana kwa sababu seva imefungwa, kinachotupwa ni pamoja na mgongo wa mtu aliyeshuka shimoni.

Je, sheria inasemaje? Kwa kifupi, imechelewa, na mahali pengine iko upande wa mwenye kufunga. Utafiti wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa Marekani haipatikani tena madukani. Watunza kumbukumbu wakaomba maktaba ziruhusiwe kuwafungulia watafiti michezo hiyo kwa mbali, na Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ikakataa. Mwaka huohuo Nintendo iliwashtaki watengenezaji wa Yuzu, programu inayoiga mashine ya Switch. Wakakubali kulipa dola milioni 2.4, na pamoja na Yuzu wakaifunga Citra, iliyokuwa ikiiga 3DS. Sina neno juu ya Yuzu, maana Switch ilikuwa bado sokoni na kampuni ilikuwa ikilinda bidhaa hai. Kufungwa kwa Citra ndiko kunakoniuma: duka limefungwa, mashine haitengenezwi tangu 2020, na njia ya kuihifadhi nayo imeondoka na kesi ya mwingine.

Upande wa pili kuna dalili za upinzani. Tangu tarehe 1 Januari 2025 sheria ya Kalifornia inawazuia wauzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno la kununua bila kumweleza mteja wazi kwamba anapewa leseni. Ni sheria ya neno moja tu, lakini mabepari hawapendi maneno yaitwe kwa majina yake. Ulaya, kampeni ya Stop Killing Games, iliyozaliwa baada ya mchezo wa The Crew kuzimiwa seva mwaka 2024, ilivuka sahihi milioni moja Julai 2025 ikidai kwamba mchezo uliouzwa uachwe katika hali ya kuchezeka hata baada ya muuzaji kuondoka. Wanaharakati wetu wanaodhani suala hili ni la vijana wasio na kazi waangalie idadi hiyo tena.

Nawageukia sasa watumishi wa umma. Kenya iligawa tabuleti katika shule za msingi kuanzia mwaka 2016. Maktaba za vyuo vyetu zinalipia majarida ya kitaaluma ambayo, mkataba ukiisha, hata matoleo tuliyokwisha kuyalipia yanaweza kufungwa, ilhali jarida la karatasi la mwaka 1974 bado liko rafuni likiliwa na mchwa lakini likisomeka. Halmashauri zinanunua mifumo ya mapato kwa leseni ya mwaka. Katika kila zabuni ya namna hiyo lipo swali la DS na 3DS: siku muuzaji atakapoondoka, tutabaki na nini mkononi? Nimesoma nyaraka za zabuni chache katika kamati ambazo nimewahi kuketi. Kuna kurasa juu ya kasi ya kichakato, ukubwa wa kumbukumbu na ung'avu wa skrini. Juu ya swali hilo sikukuta hata sentensi moja, na sidhani ni kwa uovu. Tumezoea kupima kifaa kama watangazaji wake wanavyotufundisha kukipima.

Japani, nchi iliyoizaa mashine hii, ina sheria inayosaidia kidogo. Tangu mwaka 2000 Maktaba ya Taifa ya Bunge hupokea nakala za michezo iliyotolewa katika kadi na diski, kama inavyopokea vitabu. Juni 2025 Nintendo ilizindua Switch 2 ikiwa na aina mpya ya kadi. Kwa macho ni kadi kama zile za DS, na huuzwa katika kasha dukani. Ndani yake hamna mchezo. Mna ufunguo tu wa kuupakua kutoka seva ya kampuni, maadamu seva ipo. Maktaba ya Taifa ya Bunge ilipoulizwa kama itazipokea kadi hizo ilijibu kwamba haitazipokea, kwa kuwa hazina maudhui ya kuhifadhi.